Nyota Zilizokaa Kabatini

Katikati ya miaka ya 1990 kijana mmoja wa chuo kikuu alimwendea babu yake na swali. Alikuwa akifuatilia habari za Matariki, kishada cha nyota ambacho watu wake, Wamaori wa Nyuzilandi, walikitumia zamani kujua kwamba mwaka mpya umeingia. Maandishi aliyoyapata hayakumtosha. Basi akamuuliza mzee kama anajua lolote kuhusu nyota hizo.

Mzee hakutoa hotuba. Aliinuka, akaenda kabatini, akatoa mswada, akamkabidhi. Ulikuwa na kurasa 400, wote kwa Kimaori, na ndani yake mlikuwa na majina ya nyota karibu 1,000 na makundi ya nyota 103. Kijana alikwenda na swali moja, akaondoka na kazi ya maisha yake.

Kijana huyo ni Rangi Mātāmua, ambaye leo ni profesa. Babu yake alikuwa Timi Rāwiri, ambaye wengine walimjua kwa jina la Jim Moses, mtu wa kabila la Tūhoe. Mswada ule ulikuwa umekaa ndani ya kabati karibu nusu karne.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kupanda ndege kwenda kuziona nyota hizi. Ni Kilimia, kile kishada kidogo chenye nyota sita au saba zilizobanana, ambapo mwenye macho makali huona mbili tatu zaidi. Jina lake kwetu linataja kazi yake, kwa kuwa limetokana na kulima. Wahenga wa pwani walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na hawakubahatisha. Nyota hizi humezwa na mwanga wa machweo katikati ya masika, zikakosekana wiki kadhaa, kisha zikaibuka mashariki alfajiri ya mwezi Juni, mvua ikiwa imekwisha mwagika. Upande wa pili wa dunia Wamaori walikuwa wakizisubiri nyota zilezile mwezi uleule. Tofauti ni kwamba Juni yao ni kilele cha baridi: viazi vitamu vimeshavunwa na kufukiwa mashimoni, shamba limelala, na mtu ana nafasi ya kuwakumbuka wafu wake na kupanga mwaka.

Sasa twende milimani kwao, maana mswada ule haukuanzia kabatini.

Watūhoe ni watu wa Te Urewera, nchi ya milima na misitu minene upande wa mashariki wa Kisiwa cha Kaskazini. Ukungu hauishi huko, nao huitwa watoto wa ukungu, kwa kuwa nasaba yao huanza na Hine-pūkohu-rangi, binti wa ukungu, aliyekutana na Te Maunga, yaani Mlima. Mkataba wa Waitangi wa mwaka 1840, ambao machifu wengi walitia saini na Waingereza, wao hawakuutia saini. Hilo halikuwakinga. Mwaka 1866 serikali ya kikoloni iliwanyang'anya ardhi yao nzuri ya tambarare, na miaka michache baadaye askari walipanda milimani kumsaka kiongozi wa upinzani, Te Kooti. Walichoma nyumba na kuharibu mazao hadi njaa ikaingia. Kwa hiyo tunapomzungumzia mzee wa Kitūhoe wa miaka ya 1890 aliyekaa chini kuandika majina ya nyota, tumfikirie mtu aliyekwisha ona jinsi vitu vinavyoweza kupotea katika msimu mmoja.

Mwaka 1895 ilikuwa zamu ya barabara. Serikali ilianza kupasua njia kuingia Te Urewera, na pamoja na majembe na sururu akaja Elsdon Best, mtunza stoo katika kambi ya wajenzi. Mtu huyu alikuwa na daftari na masikio yenye subira. Alikaa na Watūhoe miaka mingi, akawauliza wazee kila jambo: ndege, mitego, ndoa, vita, nyota. Aliamini, kama Wazungu wengi wa zama zake, kwamba Wamaori wako njiani kwisha, na kwamba yeye anaokoa kilichobaki. Kazi yake ni kubwa na wasomi wa Kimaori wenyewe huitumia hadi leo. Mwaka 1922 alitoa kitabu chake kuhusu elimu ya Wamaori juu ya nyota. Ndani yake kuna malalamiko kwamba habari alizozipata ni chache. Ukikijua kisa cha kabati, malalamiko hayo yanakuchekesha kidogo.

Kwa sababu tangu mwaka 1898 mzee aitwaye Te Kōkau, akiwa na mwanawe Rāwiri, alikuwa ameanza kuandika daftari lake mwenyewe. Aliandika kwa lugha yake, kwa ajili ya ukoo wake. Baba na mwana waliifanya kazi hiyo kwa miaka, na mwana akaendelea, hadi mwaka 1933 ilipofungwa. Miaka thelathini na mitano kwa kitabu kimoja, na si cha kuuza.

Ili kuelewa uzito wa uamuzi huo, lazima ujue jinsi elimu hii ilivyokuwa ikifundishwa kabla ya kalamu. Wamaori walikuwa na nyumba za elimu ya juu walizoziita whare wānanga. Mwanafunzi hakujiandikisha, alichaguliwa, kwa nasaba na kwa uwezo wa kushika. Masomo yalikuwa ya mdomo, kwa kukariri, katika hali ya utakatifu na miiko ambayo wao huita tapu, na chakula kilichopikwa hakikuruhusiwa kukaribia elimu. Kukosea neno moja katika kisomo lilikuwa jambo la kuogofya. Mwalimu wa nyumba hizo aliitwa tohunga, neno ambalo Kiswahili kinalihangaikia. Ukisema mganga umekosa nusu, ukisema mnajimu umekosa nusu nyingine, na shehe ana kitabu ambacho tohunga hakuwa nacho. Pengine neno lililo karibu zaidi ni fundi, kwa ile maana ya zamani ya mtu aliyefunzwa jambo mpaka likawa lake. Yupo tohunga wa kuchonga, yupo wa kuchanja mwili, yupo wa nyota.

Kuweka elimu kama hiyo kwenye karatasi, ambapo mtu yeyote anaweza kuifungua huku anakula mkate, halikuwa jambo dogo. Te Kōkau hakuwa wa kwanza kukabiliana nalo. Mwaka 1865 huko Wairarapa, kusini zaidi, tohunga mzee aitwaye Te Mātorohanga alikubali masomo yake yaandikwe, na kijana mmoja, Te Whatahoro Jury, akawa mwandishi. Maandishi hayo yalichapwa mwaka 1913 na 1915, na wasomi wamebishana tangu hapo ni sehemu gani ni za mzee na zipi ziliongezwa njiani. Kalamu huhifadhi, lakini pia hufungua mlango wa ubishi. Labda ndiyo maana daftari la Te Kōkau halikupelekwa kwa mpiga chapa.

Sababu nyingine ilikuja mwaka 1907. Bunge la Nyuzilandi lilipitisha sheria ya kuwakomesha tohunga. Aliyelengwa hasa, kwa kauli ya wengi, ni Rua Kēnana, nabii wa Kitūhoe aliyekuwa akivuta wafuasi huko Maungapōhatu. Jambo la kuuma ni kwamba sheria hiyo iliungwa mkono na viongozi wa Kimaori wenyewe, akina James Carroll na Āpirana Ngata, ambao walikuwa wakiona watu wao wakifa kwa maradhi mikononi mwa waganga wa uongo. Hawakuwa wasaliti. Walikuwa na haraka. Kwa kosa la kwanza sheria ilimtishia faini ya hadi pauni 25 au kifungo cha hadi miezi sita mtu yeyote aliyewakusanya Wamaori kwa kujidai ana nguvu zisizo za kawaida za kuponya au za kutabiri yatakayokuja.

Kutabiri. Sasa fikiria kazi ya mtaalamu wa nyota wa Kimaori: husimama alfajiri, hutazama ni nyota ipi inang'aa na ipi imefifia, kisha huwaambia watu mwaka huu samaki watakuwaje, mvua itakuwaje, viazi vipandwe mapema au vicheleweshwe. Mbele ya hakimu wa mwaka 1908, hilo lina jina moja. Sheria hiyo haikutumika kuwafunga watu wengi, wala haikuhitaji. Ilitosha wazee kupunguza sauti. Ilibaki katika vitabu hadi ilipofutwa mwaka 1962.

Shuleni nako mambo yalikuwa yakienda njia hiyohiyo. Tangu sheria ya shule za wenyeji ya mwaka 1867 Kiingereza ndicho kilichotakiwa, na vizazi vya watoto vilichapwa kwa kutamka Kimaori katika uwanja wa shule. Wakenya na Watanzania waliowahi kuvishwa kibao au mfupa shingoni kwa kosa la kuongea lugha ya nyumbani hawahitaji maelezo. Kalenda ya makanisa na ya serikali ikachukua nafasi ya ile ya mwezi na nyota. Sherehe za Matariki zikapungua, na kufikia miaka ya 1940 zilikuwa zimekaribia kunyamaza.

Rāwiri alimpa mswada mjukuu wake Timi. Timi naye, kama tulivyoona, alimpa mjukuu wake Rangi. Mara mbili elimu imeruka kutoka kwa babu kwenda kwa mjukuu. Sisi ambao babu na mjukuu ni watani hatushangai. Baba yuko kazini, yuko na madeni, ana hasira za siku. Babu ana muda, na mjukuu hamwogopi.

Watu huuliza kwa nini mzee Timi alikaa kimya miaka yote hiyo. Mimi swali hilo naliona limekaa upande. Nusu karne ile ilikuwa ya wazee kuzikwa na lugha kudhoofika, na yeye alikuwa na karatasi ambazo zingeweza kuungua au kuuzwa. Zingeweza hata kuchukuliwa na mtafiti kwa ahadi ya kurudisha wiki ijayo. Hazikuungua. Tumezoea kusema mzee akifa ni maktaba imeteketea. Msemo huo unamfanya mzee aonekane kama nyumba ya makuti inayongoja moto, wakati huyu alikuwa mlinzi wa zamu.

Na ndani ya mswada mlikuwa na nini? Kwanza, hesabu. Nyuzilandi nzima ilikuwa imezoea kusema Matariki ina nyota saba, kama Wagiriki walivyohesabu mabinti wao saba. Mswada ulitaja tisa. Matariki mwenyewe ni mama, naye ni wa afya na watu kukutana. Tupuānuku ni wa vyakula vinavyotoka ardhini, na Tupuārangi ni wa vile vinavyotoka juu, ndege na matunda ya msituni. Waitī ana maji baridi na Waitā ana bahari. Waipunarangi ana mvua, Ururangi ana pepo. Hiwa-i-te-rangi ni ile ambayo mtu huitumia matumaini yake ya mwaka unaokuja. Ya tisa, Pōhutukawa, ni ya waliokufa, na hapo ndipo penye kiini.

Simulizi yenyewe ni hii. Angani kuna jahazi kubwa. Gubeti yake ni Matariki, tezi yake ni Tautoru, zile nyota tatu zilizojipanga mstari ambazo mtu yeyote anazijua kwa macho hata kama hajui jina. Nahodha ni Taramainuku, naye ana wavu. Kila jioni huutupa wavu duniani na kukusanya roho za waliokufa siku hiyo, akazibeba nyuma ya chombo. Mwezi kwa mwezi jahazi hubeba wafu, mpaka linapozama na jua mwanzoni mwa baridi, likapotea. Halafu, alfajiri moja, gubeti inachomoza tena. Nahodha anawaachia abiria wake, nao wanakuwa nyota. Ndiyo maana Wamaori wanapomuaga marehemu humwambia sasa umekuwa nyota. Watu walikuwa wakiitumia kauli hiyo matangani miaka yote bila wengi wao kukumbuka jahazi.

Pia mswada ulirudisha kipimo cha wakati. Mwaka mpya wa Kimaori hauji kwa tarehe. Husubiri mwezi uitwao Pipiri, na ndani yake husubiri siku za Tangaroa, pale mwezi unapokuwa umepungua hadi nusu na anga ya alfajiri kuwa na giza la kutosha. Waislamu wa pwani wanaosimama ufukweni kutafuta hilali ya Ramadhani wanajua adha na utamu wa jambo hilo: ukae tayari, na uamuzi si wako.

Kabla hajafariki, mzee Timi alimwachia mjukuu wake agizo kwamba aitoe elimu ile kwa watu. Elimu iliyofichwa, kwa mtazamo wake, haikuwa elimu. Hayo yalitamkwa na mtu aliyeificha karibu miaka hamsini, na sioni mgongano. Kila wakati una kazi yake.

Mjukuu hakukimbilia magazetini. Alisoma mswada ule kwa zaidi ya miaka ishirini, akaulinganisha na maandishi ya Best na ya wengine, akatazama anga kwa macho yake msimu hadi msimu. Wakati huohuo nchi ilikuwa ikizinduka kwa njia nyingine. Mwaka 1982 zilikuwa zimeanza kōhanga reo, shule za chekechea ambamo bibi na babu ndio walimu wa lugha. Mwaka 1987 Kimaori kikawa lugha rasmi. Mwaka 2000 watu wa Hastings walifanya sherehe ya Matariki hadharani, na mwaka uliofuata Tume ya Lugha ya Kimaori ikaanza kuihimiza nchi nzima. Kwa hiyo Mātāmua alipotoa kitabu chake mwaka 2017, alikuta watu wana kiu. Akafundisha kumbini, katika intaneti, akatoa mihadhara iliyojaa watu, na Tuzo ya Waziri Mkuu ya mawasiliano ya sayansi ya mwaka 2019 ikamwendea yeye.

Si kila mtu aliitikia kwa furaha. Wapo walioshika saba yao na hawataki kuiachia. Watu wa makabila ya magharibi, ya Taranaki na Whanganui, walikumbusha kwamba mwaka wao hufunguliwa na nyota nyingine, Puanga. Walikuwa na haki, na ni vizuri walisema, maana elimu ya ukoo mmoja ikivaa joho la taifa inaweza kuwafunika wengine bila kukusudia.

Mwaka 2020 Waziri Mkuu Jacinda Ardern aliahidi sikukuu ya kitaifa. Mātāmua akawa mwenyekiti wa kamati iliyopanga tarehe, kwa sababu sikukuu hii huhama kila mwaka ikifuata mwezi. Tarehe 24 Juni 2022, Ijumaa, Nyuzilandi ilipumzika kwa ajili ya Matariki kwa mara ya kwanza. Sikukuu nyingine za nchi hiyo zilikuja na meli kutoka Ulaya au na ukoloni. Hii ilikuwa ya kwanza iliyosimama juu ya elimu ya wenyeji wenyewe.

Asubuhi ile ilionyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni, kutoka makumbusho ya Te Papa, Wellington. Sherehe yenyewe huitwa whāngai i te hautapu, na mtu akiisimulia ni rahisi kuifanya kubwa kuliko ilivyo, kwa hiyo nitasema tu kinachofanyika. Watu husimama nje kabla ya mapambazuko, wamejifunika, pumzi zikionekana kwa baridi. Mtaalamu huanza kutoka Tautoru, akasogeza macho kushoto hatua kwa hatua mpaka afike kwenye kishada, akazitaja nyota moja moja. Kisha yanasomwa majina ya waliofariki tangu Matariki iliyopita, na watu hulia. Pembeni kuna chakula kilichopikwa kwa mawe ya moto: kiazi kitamu kwa ajili ya Tupuānuku, ndege kwa Tupuārangi, mkunga wa mtoni kwa Waitī, kitu cha baharini kwa Waitā. Kifuniko kinafunuliwa. Mvuke unapanda gizani, na huo ndio mlo wa nyota. Zimechoka kwa kubeba wafu na kutunza dunia mwaka mzima, zinalishwa. Chakula kile ambacho zamani hakikuruhusiwa kuikaribia elimu, hapa kina siku yake na mahali pake.

Tarehe za sikukuu hiyo zimekwisha pangwa hadi mwaka 2052, kwa hiyo mtoto anayezaliwa Nyuzilandi leo ataikuta ikimngoja. Sisi tunayo Kilimia, na tunao wavuvi na wakulima wazee wa Pemba, Lamu, Makunduchi na bara wanaozijua nyota kwa majina ambayo hayamo katika kamusi. Mwishoni mwa Juni toka nje saa kumi na moja alfajiri, tazama mashariki, kidogo upande wa kaskazini, utakiona kishada. Kama kwenu yupo mzee anayejua zaidi ya hapo, mwendee wiki hii, na ubebe daftari.